Ukipewa Atiko 15: mambo ya kufanya kabla hujatia sahihi

Simu zenyewe huingia usiku, saa za kazi zikishakwisha. Kijana wa Kisii, au binti wa Moshi aliyeingia jeshini kwa grini kadi, ananong'ona akiwa bwenini: "Dada, wamenipa Atiko Fifitini. Wameniambia nitie sahihi. Nifanyeje?" Nilikuwa karani wa sheria katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, miaka mingi nikiwa Texas, na fomu za adhabu hiyo nilizitayarisha mimi kwa mikono yangu kabla hazijafika mezani kwa kamanda. Sasa nimestaafu. Nimeamua kuyaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu mtu akishaingiwa na hofu, Kiingereza cha kisheria hakimkai kichwani hata kama amesoma chuo.

Jibu langu la kwanza huwa lile lile. Sahihi ya kuonyesha umepokea fomu, tia. Sehemu ya uamuzi, usiiguse leo. Kwa kawaida unapewa saa 48 za kufikiri na kuonana na wakili. Sajenti akisema "maliza tu hapa hapa tuende," mjibu kwa heshima kwamba unataka saa zako.

Kwa asiyejua, Atiko 15, yaani Kifungu cha 15, ni sehemu ya sheria inayotawala majeshi yote ya Marekani, iliyotiwa sahihi na Rais Truman mwaka 1950 na kuanza kutumika 1951. Kinampa kamanda uwezo wa kumwadhibu askari wake kwa kosa dogo bila kumfikisha mahakamani. Hakuna jaji wala mwendesha mashtaka. Kamanda anasikiliza, anaamua kama umekosa, na adhabu anaitoa yeye yeye. Wanamaji wanaita jambo hilo hilo Captain's Mast, na Marine wanaita Office Hours. Wenye ndugu KDF au JWTZ wanajua kwamba hata huko kamanda ana mamlaka ya namna hii juu ya makosa madogo. Ukipatikana na kosa huhesabiwi kuwa mtu aliyehukumiwa kwa jinai. Hilo ni jema lake kubwa, lishike, tutalirudia.

Kabla fomu haijafika

Mambo huanza siku kadhaa nyuma. Sajenti wako anakuita pembeni: "Hebu niambie kilichotokea." Hapa ndipo watu wetu wengi huumia. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikuuliza, unajieleza. Ukinyamaza una kiburi, ukikiri mapema na kuomba radhi, jambo limekwisha nusu. Kwetu Likoni kesi ngapi zimeishia barazani kwa mzee wa mtaa, watu wakapeana mikono. Jeshini maneno yako ya saa ile yanaandikwa kwenye karatasi, na karatasi ile ndiyo inayofika kwa kamanda.

Kuna Kifungu cha 31 cha sheria ile ile. Anayekuhoji akiwa anakushuku ni lazima akwambie kwanza anakushuku kwa kosa gani, kwamba huna lazima ya kusema lolote, na kwamba utakalosema linaweza kutumiwa dhidi yako. Kunyamaza hapo si utovu wa adabu. Simama wima, sema unaheshimu cheo chake, sema ungependa kuzungumza na wakili kwanza, basi. Ukipigiwa kelele, kelele hazivunji mfupa.

Ila ukiamua kusema, usiseme uongo hata wa mzaha. Nakumbuka kijana mmoja, mtu mpole sana, aliyelala akapitwa na fomesheni, yaani mkusanyiko wa kikosi, ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alipoulizwa akasema gari lilipata pancha. Sajenti wake akamwomba risiti ya duka la matairi. Risiti hakuna. Kuchelewa peke yake kungeishia kwa kukaripiwa, lakini sasa fomu ikaja na mistari miwili: kukosa kufika mahali pa kazi kwa wakati, na kutoa taarifa rasmi ya uongo chini ya Kifungu cha 107. Hili la pili, mahakamani, linaweza kumpa mtu hadi miaka 5 jela. Kwa pancha ambayo haikuwahi kutokea.

Na tofautisha adhabu na marekebisho. Kuambiwa upige pushapu, au uripoti dakika 10 kabla ya wenzako wiki nzima kwa kuwa una tabia ya kuchelewa, si Atiko 15. Karatasi ya ushauri, DA 4856, nayo si Atiko 15, na sahihi yako pale inaonyesha tu kwamba umezungumziwa. Sajenti hana uwezo wa kukukata mshahara wala kukushusha cheo. Huo ni wa kamanda.

Jua umepewa ya aina gani

Katika Jeshi la Nchi Kavu ziko tatu, na fomu yenyewe inaonyesha adhabu ya juu kabisa unayoweza kupata. Isome hiyo sehemu kabla ya kitu kingine chochote.

Ndogo kabisa ni ile ya muhtasari, inayoandikwa kwenye fomu DA 2627-1. Mwisho wake ni siku 14 za kazi za ziada, siku 14 za kuzuiliwa kambini, na onyo au karipio. Haigusi mshahara wala cheo. Ndiyo maana hupewi haki ya wakili, na muda wa kufikiri ni saa 24. Hiyo isikukoseshe usingizi.

Ya pili hutolewa na kamanda wa kombania, kwa kawaida kapteni. Juu ya zile siku 14 na 14, anaweza kukata mshahara wa siku 7, na kumshusha ngazi moja askari wa E-4 kurudi chini (ngazi huanza E-1, ya chini kabisa; E-5 ndiyo sajenti).

Ya tatu hutolewa na afisa wa cheo cha meja kwenda juu, mara nyingi kamanda wa batalioni. Hii inauma. Kazi za ziada siku 45. Kuzuiliwa siku 60, ingawa zikiunganishwa na kazi za ziada zote pamoja hazipiti 45. Nusu ya mshahara wa msingi kwa miezi 2. Wa E-4 na chini anaweza kuteremshwa mpaka E-1 kwa siku moja, E-5 na E-6 ngazi moja. Kapteni wako akiona kosa limemzidi, au akiona hastahili kuliamua yeye, hulipeleka kwa mkubwa wake. Ila mkubwa hawezi kumwamuru mdogo wake, "mpe huyu siku 14." Kila kamanda anayeshika kesi ni lazima aamue kwa kichwa chake. Ukisikia kwamba kanali ameshatangaza adhabu yako kabla kapteni hajakusikiliza, mwambie wakili wako siku hiyo hiyo.

Wa majini wana la kwao. Mpaka mwisho wa 2018, baharia wa cheo cha chini aliyekuwa melini aliweza kufungiwa siku 3 kwa mkate na maji tu. Adhabu hiyo ilifutwa 2019. Nikiwaambia vijana wanadhani nawatania.

Saa 48 zako

Wakili ni bure. Ofisi yao inaitwa Trial Defense Service, watu huita TDS, na kila kambi kubwa wapo. Wanavaa magwanda kama wewe lakini hawako chini ya kamanda wako, na unayowaambia hayatoki nje. Jeshi la Anga wana mawakili wao wa utetezi, na kwao muda wa kufikiri ni siku 3 za kazi. Nenda na fomu pamoja na kifurushi chote cha ushahidi. Una haki ya kuona ushahidi ambao kamanda anakusudia kuutegemea: taarifa za mashahidi, picha, karatasi za ushauri za zamani. Kama umepewa fomu kavu, rudi ukaombe vilivyobaki. Nilipokuwa ofisini niliwaona wengi wakifika kwa wakili na fomu peke yake, wakili anabaki kuwasomea kitu ambacho wao wenyewe wanakisoma.

Kusanya vyako pia. Ujumbe wa simu uliomwandikia kiongozi wako wa kikosi, cheti cha kliniki, ratiba ya zamu. Vipige picha na uvihifadhi mahali pengine, maana simu hupotea.

Halafu barua za kukutetea. Hapa, ndugu zangu, tunazidisha sifa. Niliwahi kuona barua ya kurasa tatu kutoka kwa mchungaji wa kanisa la Waafrika mjini, imejaa Zaburi na sifa za ukoo wa kijana. Kamanda aliifunua, akaifunga. Barua inayofanya kazi ni ya nusu ukurasa kutoka kwa sajenti wa gereji anayekujua: amefanya kazi chini yangu tangu mwezi fulani, ametengeneza magari haya, hajachelewa tena tangu tarehe fulani, nikipewa nafasi ningeendelea kuwa naye. Kamanda anaangalia kitu kimoja: kuna kiongozi aliye tayari kuweka jina lake juu yako?

Ukubali au udai mahakama?

Kwenye fomu utaulizwa kama unadai kushtakiwa kwenye mahakama ya kijeshi au unakubali kamanda alisikilize jambo. Kukubali kusikilizwa na kamanda si kukiri kosa. Unaweza kukubali, ukaingia ndani, ukapinga kila mstari, na kamanda akaichana fomu. Nimeona ikitokea.

Ukikataa, yanaweza kuja matatu. Kamanda akafungua mashtaka, na hapo ukipatikana na hatia mbele ya jaji unaweza kutoka na rekodi ya jinai na kifungo. Au akaona ushahidi hautoshi akaacha. Au akakuanzishia hatua za kukuondoa jeshini kiutawala. Hakuna anayeweza kukuhakikishia ni lipi. Kwa maoni yangu, kwa kuchelewa, kujibizana na sajenti, au kutotii amri ndogo ambayo mashahidi wanne waliisikia, kubali, kisha upigane mle ndani. Kwa tuhuma kama ya wizi, inayosimama kwa neno la mtu mmoja, na ambayo ikikushika itakufuata maisha, hapo msikilize wakili kuliko mimi, kuliko mjomba wako, kuliko yule rafiki aliyekwambia "wanakutisha tu."

Baharia aliye melini hana chaguo hilo. Akiwa amepangiwa meli, kwa kawaida hawezi kukataa.

Katika ukurasa huo huo utaulizwa mambo mengine: unataka kikao cha wazi au cha ndani? Unataka mtu wa kukusemea? Una mashahidi? Msemaji si lazima awe wakili. Anaweza kuwa sajenti unayemwamini. Ukiwa na kigugumizi cha lugha, au hasira zako ziko karibu, mchukue msemaji, wala usione haya.

Ndani ya ofisi

Unagonga. Unaingia, unasimama hatua chache mbele ya meza, unapiga saluti na kuripoti. Bendera mbili nyuma ya kiti. Sajenti mkuu wa kombania amesimama kando, mikono nyuma, na mara nyingi yupo kiongozi wako wa platuni. Kamanda anakusomea kosa. Anakuuliza kama umeelewa haki zako na kama bado unashikilia uamuzi wako. Kikao kizima kinaweza kwisha ndani ya dakika 10.

Macho yako yaelekee mbele. Kwetu mtoto anayekaripiwa huinamisha kichwa, na anayemkodolea mzee macho huzabwa kofi la pili. Mle ndani, mtu anayeangalia zulia anaonekana anaficha jambo. Nimewasikia makamanda wakisema hivyo hivyo mlango ukishafungwa, kuhusu vijana ambao kwa kweli walikuwa wanaonyesha adabu.

Kama wewe na wakili mmekubaliana useme, sema machache: kilichotokea, ulichokwisha kurekebisha, unachoomba. Na la kuomba lipo. Omba adhabu, yote au sehemu yake, isimamishwe. Kamanda anaweza kuisimamisha kwa muda usiozidi miezi 6, ukikaa vizuri muda huo inafutika yenyewe. Askari wengi wanaomba "msamaha" kwa jumla, kamanda hajui awape nini. Mtu anayesema, "Kapteni, naomba kushushwa cheo kusimamishwe, kazi za ziada nitazifanya," amempa kamanda kitu cha kuandika. Ukivunja masharti, adhabu iliyosimamishwa inarudi, na kosa jipya linahesabiwa kivyake.

Pesa

Makato huhesabiwa kwa mshahara wa msingi. Posho ya nyumba na ya chakula haiguswi. Tuseme msingi wako ni dola 2,600 na umekatwa nusu kwa miezi 2: inaondoka 1,300 kila mwezi kabla hujalipa hata bima ya gari. Ukishushwa cheo papo hapo, hesabu hufanywa kwa mshahara wa cheo kipya. Ahueni ndogo ni kwamba posho ya nyumba ni sawa kuanzia E-1 hadi E-4, kwa hiyo anayeteremka ndani ya ngazi hizo pango lake haliyumbi.

Mwambie mama mapema. Najua ni aibu. Lakini karo ikifika tarehe ya mwisho na M-Pesa haikuita, nyumbani watadhani umekufa au umeoa. Na usikimbilie yale maduka ya mikopo yaliyojipanga nje ya geti la kambi. Sheria inawazuia kumtoza mwanajeshi aliye kazini zaidi ya asilimia 36 kwa mwaka, na hiyo 36 yenyewe inatosha kukumaliza. Kila tawi la jeshi lina mfuko wake wa msaada unaotoa mikopo bila riba, uliza huko kwanza.

Kazi za ziada hufanywa baada ya kazi ya kawaida: kupiga deki, kufagia gereji, kukata nyasi, kupaka rangi mawe ambayo hayana haja ya rangi. Aliye sajenti hapewi kazi ya kumvunjia hadhi ya cheo chake. Fika kwa wakati, saini daftari kila usiku, na liangalie limeandikwa saa sahihi.

Rufaa

Una siku 5 tangu kupewa adhabu. Ni rufaa moja tu, inakwenda kwa kamanda wa juu yake, na hoja zake ni mbili: sikukosa, au nimekosa lakini adhabu imezidi kosa. Haiwezi kukuongezea adhabu, kwa hiyo usiiogope. Adhabu ikiwa nzito, kwa mfano kazi za ziada zaidi ya siku 14 au makato ya zaidi ya mshahara wa siku 7, mwanasheria wa jeshi ni lazima aipitie kabla rufaa haijaamuliwa. Na zikipita siku 5 bila jibu, unaweza kuomba kazi za ziada na zuio visimame mpaka lijibiwe. Liombe kwa maandishi.

Kosa la kawaida hapa ni kuweka alama kwenye "nakata rufaa" bila kuambatanisha kitu. Kanali anapokea fomu ile ile aliyoiona kapteni. Afanye nini nayo? Ongeza barua mpya, au ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini wenzako waliokosa kama wewe walipata kidogo.

Uraia na rekodi

Hili ndilo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Atiko 15 peke yake haikufukuzi nchini. Lakini ukiomba uraia kupitia jeshi, jeshi huthibitisha huduma yako kwenye fomu N-426, na mwenendo wako unatazamwa. Fomu ya maombi isome swali kwa swali, ujibu kweli, na kama una Atiko 15 ya dawa za kulevya au wizi, mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma. Ofisi ya msaada wa sheria kambini itakuelekeza.

Hatari kubwa iko mbele kidogo. Atiko 15 mbili tatu zikijikusanya, kamanda anaweza kuanza kukuondoa jeshini kwa mwenendo mbaya. Ukitolewa kwa cheti kisicho cha heshima kamili, fedha za chuo za GI Bill ya baada ya 9/11 zinapotea. Na uraia ulioupata kwa ajili ya huduma unaweza kufutwa ukitolewa chini ya hali isiyo ya heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya huduma njema. Wengi hawalijui hilo, wanadhani wakishaapa yamekwisha.

Kwa aliye E-4 au chini, karatasi hukaa kwenye faili la kikosi na huharibiwa baada ya miaka 2, au kabla ya hapo ukihamia kwingine chini ya jenerali mwingine. Kwa sajenti kwenda juu huingia kwenye rekodi kuu, na kamanda huchagua iwekwe sehemu inayoonwa na bodi za kupandisha vyeo au ile iliyozuiwa. Sajenti wangu, ombeni iliyozuiwa mkiwa bado mle ndani. Baadaye ni kazi ya miezi.

Ukimaliza adhabu, nenda ofisi ya utumishi ya batalioni uulize kama kizuizi cha kupandishwa cheo kimeondolewa. Hakijiondoi chenyewe, na karani aliyekiweka huenda ameshahama. Kisha fungua karatasi yako ya mshahara ya mwezi wa tatu tangu makato kuanza. Ukiona bado wamekata, ichapishe, ichukue na nakala ya fomu yako, uwapelekee wiki hiyo hiyo.